Nyoka Wawili Chini ya Macho

Kuni zilikuwa zimeshapangwa. Ibia aliziona hata kabla hajashuka mashuani: kuni za mgunga, kavu kabisa, zimepangwa nje ya lango la mji na mtu anayejua kazi yake, na juu yake umetandikwa mkeka mpya, utadhani kuna mgeni wa heshima anakuja kulala.

"Za nani hizi?" alimwuliza mlinzi wa lango.

"Za Dedu mchoraji. Jua likifika utosini."

"Na kesi yake?"

Mlinzi alijikuna ubavu. "Kesi ndiyo umekuja nayo wewe, bwana. Sisi tulipewa kazi ya kuni tu."

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mitende. Ibia akakaza mwendo.

Alikuwa mwandishi wa ofisi ya waziri, mtu mfupi, mwenye kitambi cha kupenda mkate wa asali na kichwa kilichonyolewa mpaka kinang'aa. Shule ya waandishi iliwahi kumfukuza kwa kumchora mwalimu wake katika umbo la kiboko. Ikamrudisha baada ya mwezi, kwa vile hakukuwa na mwanafunzi mwingine aliyeweza kuchora kiboko mtu akajua papo hapo ni mwalimu gani. Tangu hapo, waziri akitaka mtu wa kutazama kitu ambacho wengine wote wameshakitazama, anamtuma Ibia.

Mkuu wa mji, Ameni, alimpokea ukumbini akiwa na ndevu za msiba, hajanyoa tangu afiwe. Pembeni yake alichuchumaa karani wake, Titi, kijana mwenye kalamu nne nyuma ya sikio moja.

"Baba yangu ana siku sitini na tano akikaushwa ndani ya magadi," Ameni alisema, hata maji ya kunawa hayajaletwa. "Zimebaki tano azikwe. Na jeneza lake limeua mtu. Soma."

Titi akatoa taarifa. Ibia akaisoma amesimama.

Siku tatu zilizopita, alfajiri, Reseneb, msimamizi wa karakana ya majeneza, alikutwa amekufa kando ya jeneza la mzee Senbi, baba yake Ameni. Mkono wa kulia ulikuwa na matundu mawili ya meno. Karakana ilipekuliwa, nyoka hakuonekana. Lakini ubavuni mwa jeneza nyoka walikuwepo, wamechorwa kwa wino katika mstari wa maombi, na shingo zao zilikuwa nzima. Kila mtu anajua nyoka anayeandikwa kwenye nyumba ya maiti lazima akatwe shingo, asije akaamka akamla mwenye nyumba. Mchoraji, Dedu, hakukata. Nyoka wameamka. Mchoraji ameua kwa maandishi, na adhabu yake ni moto.

Na moto ulikuwa na maana yake. Anayechomwa hana mwili wa kukaushwa, asiye na mwili hana pa kurudia, na jina lake linafutwa kila mahali lilipoandikwa. Si kwamba Dedu angekufa. Dedu angekuwa hajawahi kuwepo.

Ibia akaweka kidole kwenye taarifa. "Titi, mwanangu. Jina la Dedu hapa umelimalizia na mtu aliyefungwa mikono nyuma."

"Ndiyo, bwana. Alama ya adui."

"Inatamkwaje?"

"Haitamkwi, bwana. Inakaa mwisho wa jina kuonyesha mwenye jina ni mtu wa aina gani."

"Kwa hiyo umeshamhukumu, tena kimyakimya. Hongera."

Ameni akapiga kofi goti lake. "Una mpaka jua lifike utosini, Ibia. Kwa uhai wa Mfalme, sikuongezei hata kivuli cha kidole."

*

Wakausha maiti wanakaa nje ya mji, kule upepo unakoelekea. Bebi, mkuu wao, alitoka hemani akichechemea, mikono imejaa magadi mpaka viwikoni.

"Usinikumbatie," alisema.

"Sikuwa na mpango huo, mzee wangu. Nionyeshe Reseneb."

Reseneb alikuwa amelazwa juu ya meza ya jiwe, bado hajafunikwa. Bebi akauinua mkono wa kulia kama mfanyabiashara anayeonyesha samaki.

"Miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Walioumwa na nyoka wa pembe nimewapokea zaidi ya arobaini. Akikuuma mkononi, mkono unaumuka kama mkate, unakuwa mweusi mpaka begani, huwezi kujua kidole ni kipi. Sasa mtazame huyu."

Mkono ulikuwa mwembamba, safi. Matundu mawili, yanalingana, madogo, makavu.

"Mkono wa bwana harusi," Ibia alisema.

"Eeh! Na hayakutoa damu. Unajua nani hatoi damu ukimtoboa? Wateja wangu." Bebi akacheka mwenyewe. "Haya, lete mkono wako. Hapa, kisogoni, chini ya nywele. Bonyeza, taratibu."

Ibia akabonyeza. Mfupa ukabonyea kama tikiti lililoangushwa.

"Nyoka huyu alikuwa na nyundo," Ibia alisema. Akaifuta mikono yake kwenye mchanga. "Matundu ni ya msharasi, sindano nene ya mafundi ya kutobolea. Katobolewa akiwa ameshakufa. Mbona hukumwambia mkuu wa mji?"

"Nani anamwuliza mkausha maiti kitu? Watu wakiniona wanavuka barabara. Na kuna hili." Akachukua kitambaa kidogo kutoka rafuni. "Mkono wa kushoto alikuwa amekunja ngumi. Tulivunja kidole kuifungua."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na kibanzi cha mti, kirefu kama kucha, cheupe, upande mmoja kimegandiwa na lipu. Ibia akakinusa. Hakikunukia kitu. Akakifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Marehemu alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na Titi karani. Titi alitaka jeneza la mama yake lipite mbele kwenye foleni. Reseneb akamwambia mbele za watu kwamba mama yake mzima, na kama ana haraka, amsukume ngazini. Hawakusalimiana tena."

Ibia alijisikia raha kidogo, na hakuona haya. Kalamu zile nne zilikuwa zimemkera tangu mwanzo.

"Nikulipe nini, mzee wangu?"

Bebi akasitasita, mtu mzima yule, akawa kama bi harusi. "Niandikie jina langu. Nawafunga watu na majina yao yote. Langu sijawahi kuliona."

Ibia akaokota kigae cha chungu, akalowesha kalamu mdomoni, akachora. Bebi akainama.

"Mguu. Mguu mwingine. We! Unanicheka, mimi mchechemeaji?"

"Mguu hapa si mguu. Kutanisha midomo, halafu iachie."

"B," Bebi alisema, akashtuka.

"Huo ndio mguu. Miwili, b na b. Huu unyasi mmoja ni i. Na sauti ya katikati haiandikwi, mdomo wako unaijua wenyewe."

"Na huyu mtu aliyekaa mwishoni?"

"Huyo hatamkwi. Amekaa tu, kusema kwamba hili ni jina la mtu. Mtu mzima, mwenye heshima zake."

Bebi alikishika kigae kwa ncha za vidole, kama yai, akaingia nacho hemani bila kuaga.

*

Dedu walikuwa wamemfungia kwenye ghala tupu la shayiri, mikono imefungwa nyuma kama ile alama ya Titi. Alikuwa kijana mwembamba, vidole vya mkono wa kulia vimekolea weusi usiotoka tena. Nje ya mlango alikaa mama yake na mkate kwenye kikapu. Walinzi walikuwa hawajamruhusu kuuingiza. Ibia akauchukua, akaumega vipande viwili, akaingia nao. Kimoja akamlisha Dedu, kingine akala yeye.

"Nyoka wangapi?"

"Kumi na mmoja, bwana. Upande wa mashariki wa jeneza."

"Wa nini wengi hivyo?"

"Mzee Senbi mwanamume. Mkate wake, pombe yake, nyumba yake, baba yake. Kila penye 'wake', katika lugha yetu sauti ni ile moja, meno ya juu yanagusa mdomo wa chini na pumzi inapita, f. Na pumzi hiyo inaandikwa kwa nyoka wa pembe." Dedu akameza. "Angekuwa mwanamke ningechora kitambaa kilichokunjwa, s. Nisingekuwa hapa. Hakuna aliyewahi kuuawa na kitambaa."

Ibia akacheka mpaka makombo yakamtoka. "Uliwakata?"

"Wote. Naacha pengo la punje ya shayiri kati ya kichwa na kiwiliwili. Reseneb aliwakagua mmoja mmoja mchana ule ule."

"Na jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa mama. Majirani wote waliniona. Lakini haisaidii, bwana. Nimewaambia, wakanijibu nyoka aliyeandikwa hahitaji mwenyewe awepo."

Hapo Ibia akaacha kutafuna. Kumbe aliyebuni jambo hili alikuwa na akili. Amemchagulia Dedu kosa ambalo ushahidi wa kutokuwepo hauliondoi.

"Nani alibaki karakana?"

"Marehemu, na Nehi seremala. Na Titi alikuja kukagua maandishi kwa niaba ya mkuu wa mji. Huwa anakuja."

*

Titi aliulizwa barabarani, akitembea mbiombio kumfuata Ibia.

"Nilisoma mstari, nikaondoka jua likizama. Nilimwacha marehemu na Nehi."

"Shingo zilikuwa zimekatwa?"

"Zimekatwa, bwana. Ndiyo maana asubuhi nilipoziona nzima nilikimbia."

"Na hukuandika hivyo kwenye taarifa?"

"Niliona wamepona usiku, bwana." Titi alisema kwa sauti ndogo. "Nikaogopa kuliandika. Nikiandika nyoka amepona, si nami nitakuwa nimemponya?"

Nehi seremala alikuwa karakana, anapiga randa, jitu la kifua kama mlango. Alipomwona mtu wa waziri aliacha kazi, akalia kidogo, akapangusa pua kwa mkono.

"Mimi ndiye niliyemkuta, bwana. Maskini Reseneb. Nikapiga kelele, nyoka wa Dedu wameamka!"

"Jioni ile ulimwacha na nani?"

"Na Titi. Mimi niliondoka mapema, mgongo ulikuwa unaniuma."

Basi mmoja wao ni mwongo, Ibia akajisemea, na mungu wa jua anisaidie awe Titi.

"Nionyeshe hao nyoka."

"Mimi si mtu wa kusoma, bwana, lakini nyoka namjua nikimwona." Nehi alikwenda mwisho wa jeneza, upande wa miguu, akanyoosha mkono wake mrefu. "Huyu hapa. Na yule, na yule."

"Na hawa wa huku, upande wa kichwa? Sogea."

"Hapa panatosha, bwana. Naona vizuri."

"Rudi nyumbani kwako, usitoke mpaka nikuite."

Alipobaki peke yake, Ibia alisukuma mlango wazi wote ili jua liingie, akapiga magoti.

Upande wa kichwa Dedu alikuwa amechora macho mawili makubwa, ya wino mweusi na rangi nyeupe, yale ambayo marehemu anachungulia kutoka ndani kutazama jua linapochomoza. Yalikuwa macho ya kutisha kwa uzuri wake. Chini yake mstari wa maombi ulianzia hapo kwenye macho, mkono wa kulia, ukaenda mpaka miguuni, mkono wa kushoto. Bundi, kifaranga cha kware, nyoka, wote walikuwa wametazama kulia, kama kawaida ya viumbe vya maandishi: wanamtazama anayeingia, na msomaji anaingia kupitia nyuso zao.

Ibia alisogeza pua mpaka ikakaribia mbao. Hakusoma. Alitazama wino.

Kalamu ikichovywa, alama ya kwanza inatoka nyeusi tii. Ya pili nyeusi. Ya nne au ya tano imepauka, kisha mchoraji anachovya tena na weusi unarudi. Alama za Dedu zilikuwa zinapumua hivyo hivyo, nyeusi, hafifu, nyeusi, kutoka machoni kwenda miguuni, kama mtu anavyosoma.

Halafu akatazama shingo za nyoka. Pengo baada ya pengo lilikuwa na kiraka kidogo cha wino. Cha nyoka wa mwisho kabisa, miguuni, kilikuwa cheusi kuliko vyote. Cha aliyemfuata, akielekea kichwani, kimepungua. Cha tatu kimepungua zaidi. Cha nne, cheusi tena. Viraka vilikuwa vinapumua kinyumenyume.

"Ah, Titi," Ibia alisema kwa masikitiko ya kweli. "Umeniponyoka."

Kwa sababu Titi, hata umwamshe usingizini, angeanzia machoni. Mtu aliyefundishwa kwa fimbo miaka kumi kuingia kupitia nyuso haanzi kwenye mkia wa sentensi. Aliyefanya kazi hii kwake bundi alikuwa bundi tu na nyoka nyoka tu. Hakujua kwamba pale kuna mtu anaongea.

Akavihesabu viraka. Tisa.

Akahesabu tena, taratibu, kwa kucha. Tisa. Nyoka walikuwa kumi na mmoja. Akatambaa kwa magoti mpaka upande wa kichwa, chini ya macho yale mawili, akainua uso.

Nyoka wa kwanza na wa pili walikuwa bado wamekatwa shingo, pengo la punje ya shayiri, safi kama Dedu alivyowaacha.

Ibia akakaa chini sakafuni na kucheka peke yake. Siku tatu mji mzima umepita hapa, wamechungulia nyoka wa karibu na mlango wakakimbia. Hakuna aliyethubutu kuja kusimama mbele ya macho ya mzee Senbi. Na muuaji naye hakuthubutu.

Ilibaki sababu ya kuua. Akatoa kibanzi pindoni. Akalizunguka jeneza akipapasa kwa kidole. Kwenye pembe ya chini, miguuni, lipu ilikuwa nyeupe zaidi kidogo, na ilikuwa baridi, bado haijakauka vizuri. Kiraka kingine. Mtu huyu alipenda viraka.

Nje, kivuli cha mlango kilikuwa kimebaki upana wa viganja viwili.

*

Walikuja wote: Ameni na ndevu zake, Titi, Nehi, walinzi wanne, Dedu na kamba zake, mama yake nyuma. Hata Bebi alikuja, akasimama mbali kwa adabu, kigae kimening'inia shingoni kwa uzi.

"Mkuu," Ibia alisema, "Reseneb hakuumwa na nyoka. Kapigwa nyundo kisogoni. Bebi hapa atakuonyesha pa kubonyeza."

"Kwa furaha," Bebi alisema kutoka kule mbali.

"Na nyoka?" Ameni aliuliza. "Nyoka ni wazima, nimewaona kwa macho yangu."

"Umewaona wangapi?"

Ameni akageuka kulitazama jeneza.

"Naomba jambo dogo. Titi, kaniwekee kidole kwenye nyoka wa kwanza."

Titi alikwenda moja kwa moja upande wa macho, akainama, akaweka kidole. Kisha akaruka kama ameungua. "Huyu amekatwa! Bwana mkuu, huyu shingo yake imekatwa! Na wa pili pia!"

"Nehi, na wewe. Wa kwanza."

Nehi akaenda miguuni, akaweka kidole.

"Kwa nini huyo?"

"Si ndiye wa kwanza? Ndiye wa karibu na mlango."

"Ndiye wa kwanza kuunganishwa," Ibia alisema, akapiga magoti na kumwonyesha Ameni viraka, cheusi, hafifu, hafifu zaidi, kimoja baada ya kingine, mpaka Ameni, aliyepita shule ileile ya fimbo, akaanza kupumua kwa nguvu puani. "Dedu aliwakata wote. Mtu akaja akawaunga, kutoka miguuni kwenda kichwani. Akaunga tisa. Wino ulikuwepo, muda ulikuwepo. Wawili akawaacha. Nehi, njoo uniambie kwa nini. Njoo hapa, umguse huyu aliye chini ya jicho."

Nehi hakusogea.

"Ni mchoro tu, kaka. Dedu kayachora macho haya kwa mkono wake, na alipomaliza akayafuta vumbi kwa mate. Mimi nimetoka kukaa chini yake sasa hivi. Njoo."

Lile jitu likapiga hatua moja. Macho ya mzee Senbi yalikuwa yamemkodolea. Akapiga ya pili. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kitovu. Hatua ya tatu ilimshinda. Akageuza uso ukutani.

"Kuogopa si kuua," alisema kwa ukuta.

"Kweli. Basi tuangalie kingine." Ibia akachukua patasi kwenye meza ya useremala, akaenda kwenye ile pembe ya chini.

"Ibia!" Ameni alinguruma. "Hilo ni jeneza la baba yangu! Ukilikwaruza na hukupata kitu, kwa uhai wa Mfalme, mkeka ule nje unatosha watu wawili!"

Mama yake Dedu akajiziba mdomo. Ibia aliitazama patasi, akamtazama Dedu, akafikiria kwa ufupi juu ya mkate wa asali. Kisha akakwaruza.

Lipu mbichi ikaanguka vipande. Chini yake kulikuwa na shimo dogo mahali kibanzi kilipobanduka, na ubao ukaonekana. Ibia akatoa kibanzi kwenye pindo, akakiweka shimoni. Kikakaa kama jino kwenye fizi.

"Hiki alikishika Reseneb ngumini. Mkuu, jeneza hili uliagiza la mti gani?"

"Mwerezi! Mwerezi wa Lebanoni, mbao nane, niliupokea mwenyewe bandarini, harufu yake ilijaa mji mzima!"

"Basi nusa."

Mkuu wa mji akapiga magoti, ndevu zikagusa sakafu, akanusa jeneza la baba yake. Akanusa tena. Akainua uso.

"Mkuyu," alisema polepole. "Baba yangu... unamlaza baba yangu ndani ya mkuyu?"

"Mkuyu uliofunikwa lipu nzito na kuchorwa vizuri na kijana asiyejua kilicho chini," Ibia alisema. "Reseneb alibandua pale akaona. Akageuka kwenda kukuambia. Titi alikuwa ameshaondoka, alisema kweli, naomba radhi, Titi, kwa mambo niliyokuwa nakuombea. Aliyebaki ni mwenye nyundo, mwenye msharasi, asiyejua kusoma, anayeogopa macho. Mwerezi wako uko nyumbani kwake. Tuma mtu mwenye pua."

Hakukuwa na haja ya kutuma. Nehi alikuwa ameshakaa chini, mikono kichwani.

"Alisema angekuambia siku ileile," alinung'unika. "Nilimshika nguo, nikamsihi. Akaanza kutembea. Nyundo ilikuwa mkononi, bwana, ilikuwa mkononi tu."

"Na Dedu alikukosea nini?" Ameni aliuliza.

Nehi akawaza kweli, kama mtu anayeulizwa njia. "Hakunikosea. Yeye ndiye anayechora nyoka."

Walinzi wakamfunga kwa kamba walizomfungua Dedu. Yeye na mwerezi wake wangepanda mashua ya Ibia, kwenda kusomewa kesi mbele ya waziri. Mama yake Dedu alimparamia mwanawe, akamshika kila kidole cha mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama anahesabu, halafu akapiga kigelegele kilichowatoa hua juu ya paa. Wanawake wa nje wakakipokea. Kikaenda mtaa kwa mtaa mpaka langoni, na mlinzi yule wa asubuhi akaja mbio.

"Bwana, jua limefika utosini. Zile kuni?"

"Pikieni mikate," Ibia alisema. "Ya asali. Nasafiri nikishiba."

Kelele zilipopungua kidogo, alimwona Titi amechuchumaa kando, taarifa mapajani, hajui pa kuanzia. Ibia akainama karibu yake.

"Lamba."

"Bwana?"

"Yule mtu aliyefungwa. Wino bado unakubali. Mlambe."

Titi akainua taarifa, akatoa ulimi, na mbele ya mkuu wa mji, walinzi wanne na mkausha maiti akamlamba adui akamtoa kwenye jina. Meno yake yakawa meusi. Bebi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa mpe Dedu kalamu. Zipo nne hapo."

Dedu akaipokea. Mikono ilikuwa bado ina alama za kamba. Jina lake lilikuwa pale: mkono, mkono mwingine, kifaranga cha kware, na mwisho doa la mate.

"Soma," Bebi alisema, amesogea karibu kuliko alivyowahi kumsogelea mtu mzima aliye hai, na hakuna aliyevuka barabara. "Mkono ni nini?"

"D," Dedu alisema. "Mkono ni d. Yangu yote miwili. D, d, na kifaranga ni u."

Kisha pale penye doa akachora mtu aliyekaa, magoti yamekunjwa, mikono yake huru, na hakumtamka.